Msimbo wa Kumi na Saba

Nyekundu ni reli. Kijivu ni barabara.
Kijani mpauko ni majani ya ng'ombe, ya kumwagiliwa.
Buluu ya vitone ni mto ulipokuwa
ndege ilipoupiga picha mara ya kwanza, mwaka wa arobaini na nane;
buluu nzito ni mto ulipo leo.
Kati ya buluu na buluu
ndiko ninakolipwa kutembea.

Siku ya tisa bondeni, Montana.
Barafu bado imejificha vivulini mwa mipopla.
Kijana Teague kabeba chombo cha kusoma satelaiti,
mimi nina kalamu na jedwali la misimbo:
moja, tuta la udongo;
mbili, mawe ya kupanga;
tano, mdomo wa mfereji, na kuendelea, hadi kumi na sita.
Ofisi iliishia hapo.
Kumi na saba tuliuongeza wenyewe, pembezoni, kwa mkono:
magari.

Ndiyo, magari.
Mto ulipoanza kula mashamba
watu waliutupia magari, ule hayo.
Makachara yasiyo na injini, pua kwa mkia,
yamefungwa kamba za chuma shingoni kama mifugo ya mnadani,
changarawe imejaa hadi madirishani,
na katika usukani mmoja
mche wa popla umepenya, ukanyooka, ukaendelea na safari.

Napima kwa hatua. Mita mia na arobaini.
Naandika: 17. Hali, imara. Athari, mkondo umebanwa.

Ndipo anapotokea Borghild Tveit, mwenye shamba,
mabuti ya mpira, mbwa asiyebweka.
"Lile la kijani," ananielekeza kwa kidevu,
"la nne toka kwenye gogo. Mle ndimo nilimozaliwa.
Baba alikimbia na mama kwenda hospitali, wakakwama darajani,
treni ya makaa inapita, behewa baada ya behewa.
Mimi sikungoja."
Anacheka kidogo, kisha haendelei kucheka.
"Lina namba kwenye karatasi yako, hilo?"

Namwambia lina namba. Yote yana namba moja.

"Na ramani ikikamilika, itauambia mto upite wapi?"

Ningesema hapana, nikaondoka. Lakini aliniletea kahawa,
kwa hiyo nikafunua karatasi juu ya boneti ya gari letu:
hapa baba yako aliziba, mama Tveit,
na maji yaliyokosa kwako yakaenda ng'ambo kwa Dolezal,
ekari sita, nyumba ya pampu na pampu yake.
Dolezal akamwaga mawe. Maji yakarudi upande huu,
chini ya uzio wako, kwa wale ndugu wawili wa viazi,
nao wakamwaga saruji.
Kwetu husemwa, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa waliziba ufa, wakajenga na ukuta,
na ukuta ukazaa ufa kwa jirani.

Ameitazama buluu ya vitone muda mrefu.
Kidole chake kimekwenda nacho kipande kwa kipande,
kimepita juu ya ghala, juu ya barabara, juu ya zizi,
kimesimama.
"Hapa ni jikoni kwangu," amesema.

Ni jikoni kwake.

Usiku, chumba cha kulala wapita njia,
kipasha joto kinakohoa, Teague amelala na soksi.
Naingiza siku nzima kwenye kompyuta, mstari kwa mstari,
nyekundu inashikana na nyekundu,
na mto, uliokuwa na nyuzi saba kama nywele zilizofumuliwa,
unabaki msuko mmoja uliokazwa.
Nje hauonekani, unasikika tu:
kokoto zinagongana chini ya maji, zinahama,
na theluji ya milimani haijaanza hata kuyeyuka.

Kuna kisanduku cha maoni. Kinapokea herufi thelathini, basi.
Naandika taratibu, nafasi nazo zinahesabiwa:

Gari la nne, kijani. Mtu kazal